Maji, Chumvi na Chokaa: Uchambuzi wa Matayarisho ya Ukuta Kabla ya Rangi

Katika nyumba za mawe za pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, kuna lawama isiyokoma kusikika kila masika yanapokwisha, nayo ni kwamba rangi za siku hizi hazidumu, kwa kuwa chumba kilichopakwa vizuri kabla ya mvua huonekana baadaye kimejaa malengelenge na magamba, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno cha mtu. Mwenye nyumba humlaumu muuza rangi, fundi naye huilaumu hewa ya bahari, na mwaka wa pili hununuliwa rangi ya thamani zaidi, ikapakwa palepale, ikabanduka vilevile. Hoja ya makala haya ni kwamba rangi, katika shauri hilo, aghalabu haina hatia. Anayestahili kuulizwa kwanza ni ukuta, na kazi yote tuiitayo matayarisho, tangu kukwangua hadi kupiga msasa, ni jawabu la swali moja tu: maji yaliyomo ukutani yanatoka wapi, nayo yataachiwa njia gani ya kutokea?

Ili kulijibu swali hilo hapana budi kuutazama ukuta wenyewe jinsi ulivyojengwa. Waashi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe, yaliyo mepesi na yenye vitundu vingi, wakayashikanisha kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa na mchanga, hata ukuta ukawa na unene wa nusu mita na zaidi. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka moto ukafikia kadiri ya digrii 900, ambapo jiwe huitoa hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Kisha chokaa ile kali ikitiwa maji huchemka, ikapoa na kulainika, nayo kadiri ilivyolazwa muda mrefu ndivyo ilivyozidi kuwa nzuri mwikoni. Ajabu yake ni kwamba, ikisha kupigwa ukutani, huivuta tena polepole ile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, ikarejea kuwa jiwe la asili yake. Lakini ni jiwe linaloruhusu mvuke kupita, na kwa sababu hiyo unyevu ulioingia ukutani usiku ulipata njia ya kutoka mchana. Anayetaka ithibati ya udumifu wa kazi hiyo na aende Gedi, karibu na Malindi, akatazame kaburi ambalo tarehe yake, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi, ilichorwa katika lipu, ikasomeka baada ya mamia ya miaka ya mvua na mizizi ya miti.

Ama maji, huingia ukutani kwa njia tatu: hupanda kutoka ardhini yakifuata vitundu vya jiwe, hushuka kutoka juu pale paa au mlizamu unapovuja, na huvuja kutoka bomba la chooni lililofichwa ukutani na watu wasiokumbuka tena lilipopita. Maji peke yake yasingaliudhuru ukuta sana; madhara yanaletwa na chumvi, iliyomo katika udongo wa kando ya bahari na katika mchanga wa ufukoni uliotumiwa bila kuoshwa. Chumvi huyeyuka ndani ya maji, husafiri nayo hadi usoni mwa ukuta, na maji yanapogeuka mvuke yenyewe hubaki, ikaganda punje kwa punje. Iwapo uso wa ukuta u wazi, chumvi hutokea nje kama unga mweupe, ikapanguswa. Lakini iwapo umefunikwa kwa rangi ya mafuta, chumvi hugandia nyuma ya rangi, na nguvu ya punje zake zinazokua hutosha kuisukuma rangi, pamoja na lipu iliyo dhaifu, mpaka ikaanguka. Saruji, ambayo ina heshima yake katika nyumba za matofali, ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe hufanya kosa hilohilo kwa ukubwa zaidi: ni ngumu kuliko jiwe linaloishika, tena ni nzito kupitisha mvuke, kwa hiyo maji yaliyozuiwa kutoka chini hupanda juu zaidi kuliko yalivyokuwa yakipanda kabla ya matengenezo.

Kwa hiyo fundi mjuzi huanza kwa uchunguzi, wala hagusi msasa. Hugongagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, na panapolia utupu hutia alama ya mkaa, kwa kuwa hapo lipu imeachana na jiwe. Hupitisha kiganja, na kikitoka cheupe hujua kwamba chokaa ya zamani imekuwa unga, na rangi yoyote itakayopakwa juu yake itaushika unga huo na wala haitaushika ukuta. Kisha hubandika kipande cha karatasi ya nailoni penye unyevu, akakiziba pembe zote, akakiacha siku moja au mbili: matone yakionekana upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani, yakionekana upande wa nje, unatoka katika hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa.

Baada ya uchunguzi hufuata tiba, ambayo utaratibu wake haugeuzwi bila hasara. Kwanza maji huzuiliwa kule yanakotoka, bomba likatengenezwa, mlizamu ukasafishwa, na udongo uliorundikwa nje ya ukuta ukaondolewa, maana kuukausha ukuta ilhali maji yangali yakiingia ni kazi isiyo na mwisho. Pili, lipu iliyokufa hubomolewa hadi kwenye jiwe, nayo hupitishwa juu ya alama ya unyevu kadiri ya dhiraa moja, kwa kuwa chumvi hufika mbali kuliko doa linaloonekana. Tatu, ukuta huachwa wazi ukauke, na hapa ndipo subira ya wengi inapokwisha: ukuta mnene haukauki kwa juma moja, na wakati wake ni kaskazi, pepo zinapokuwa kavu, si baina ya mwezi wa Machi na Mei mvua zikinyesha. Katika muda huo chumvi inayotokea hupanguswa kwa brashi kavu, ikakusanywa na kutupwa nje ya nyumba. Anayeiosha kwa maji huirudisha ndani alikoitoa.

Ukuta ukisha kukauka, hurekebishwa kwa vitu vya jinsi yake. Mashimo makubwa hutomewa kwa vipande vya mawe na chokaa, kisha hupigwa lipu ya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga uliooshwa kwa maji baridi ya kisima, si wa ufukoni. Kila tabaka huwa jembamba, lisizidi unene wa sentimita moja, nalo hunyunyiziwa maji siku kadhaa lisikauke kwa ghafula, kwani chokaa iliyokaushwa na jua kabla ya kuivuta hewa ya ukaa hubaki unga tu. Ufa hupanuliwa kwa patasi uwe na mdomo wa kushika, huloweshwa, ndipo ukazibwa. Jasi, inayopendwa kwa wepesi wake, hufaa vyumba vya juu vilivyo vikavu. Penye unyevu hulainika ikatoka. Na penye vidaka vyenye nakshi, kama vile vya nyumba za kale za Lamu, patasi huwekwa kando, kwani chokaa iliyopakwa juu ya chokaa kwa vizazi imeijaza michoro, na kuitoa kunataka kijiti, maji kidogo na siku nyingi.

Imebaki rangi ya zamani. Ile inayoshika barabara husuguliwa tu kwa msasa ili uso wake ukwaruzike. Inayobanduka hukwanguliwa yote. Lakini rangi za mafuta za miaka iliyopita aghalabu zilitiwa madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru akili za watoto, kwa hiyo msasa hupigwa ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo, watoto wakiwa wamehamishwa, na takataka zake hazifagiliwi uani.

Baada ya hayo mtu anaweza kuchagua. Akipaka chokaa, huizimua iwe nyepesi kama maziwa, huulowesha ukuta, na hupaka mikono minne au mitano, kila mmoja baada ya siku moja, bila kuhofu kwamba mkono wa kwanza hauonekani, kwani chokaa huwa nyeupe inapokauka. Akipendelea rangi ya maji ya dukani, na auzimue mkono wa kwanza ili ukuta uunywe. Rangi ya mafuta juu ya chokaa mbichi ni hasara ya hakika, kwa kuwa ukali wa chokaa huyageuza mafuta yake yakawa namna ya sabuni; na hata lipu mpya ya saruji, katika nyumba za matofali, huhitaji kungojwa kadiri ya siku 28.

Yote hayo mafundi wetu wengi wanayajua. Kinachowazuia kuyatenda ni namna ya mapatano: kazi hukatwa bei kwa jumla, kwa ukubwa wa chumba, na kila siku ukuta unapoachwa ukauke ni siku ambayo fundi hapati kitu. Maadamu malipo yapo katika kufunika, ukuta utafunikwa. Kwa hiyo nasaha kwa mwenye nyumba ni kuyagawa mapatano sehemu mbili, kukwangua, kukausha na kutengeneza lipu kukiwa na bei yake na muda wake, na kupaka rangi kukiwa na bei nyingine, isiyoanza kuhesabiwa mpaka kile kipande cha nailoni kibandikwe mara ya pili na kitoke kikavu.