Taarifa ya Habari na Wasikilizaji wa Tarime na Serengeti

Taarifa ya habari haihesabiwi katika fasihi. Mashairi yana wahakiki wake, na hadithi na tamthilia pia. Lakini maneno yasomwayo redioni kila siku, ambayo husikiwa na watu wengi kuliko kitabu chochote cha Kiswahili, hupita hewani bila ya kuulizwa yametungwa vipi. Ni kosa kuyaacha hivyo. Taarifa ya habari ni nathari: ina mtungaji, mpango, uteuzi wa maneno na sauti ya kuyatamka. Tena ni nathari yenye madaraka makubwa, maana msikilizaji wa shairi anajua kwamba anasikiliza shairi, bali msikilizaji wa habari hudhani kuwa anasikiliza mambo yenyewe.

Wilaya za Tarime na Serengeti, katika mkoa wa Mara, zinafaa kuwa mahali pa kuipima nathari hiyo. Ni wilaya za mpakani, mbali na Dar es Salaam na karibu na Kenya. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waluo na wengineo huzungumza lugha zao nyumbani na Kiswahili sokoni, shuleni na barazani. Wilaya hizi hutajwa katika habari za dunia kwa sababu tatu: dhahabu, wanyama wa porini na ukeketaji wa wasichana. Basi watu wake wana sifa ambayo wasikilizaji wengi hawana: mara kwa mara husikia wakisimuliwa wao wenyewe, na wanaweza kulinganisha masimulizi na waliyoyaona kwa macho.

Sauti zilizowafikia zilikuwa nyingi. London ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1939, vita vikuu vya pili vikiwa mlangoni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1951, na mtambo wake wa kwanza ulikuwa mdogo, usioweza kuvuka mbali nje ya mji. Sauti ya Amerika iliongeza Kiswahili mwaka wa 1962, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka wa 1963. Redio ya taifa ilipata jina la Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka wa 1965, na tangu 2007 ni sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC. Mawimbi mafupi yalikuwa na tabia ya ajabu: sauti ya mbali iliweza kuingia vizuri mahali ambapo sauti ya jirani ilikwama. Ndiyo maana vizazi kadhaa vya mpakani vilizoea kuijua dunia kwa sauti ya London au Cologne, na kuijua serikali yao kwa sauti ya Dar es Salaam.

Idhaa hizi za mbali zimesifiwa sana kwa ufasaha, na sifa hiyo kwa sehemu kubwa ni haki. Zilikusanya watangazaji wa Unguja, Mombasa, Tanga na bara katika chumba kimoja, wakatoa Kiswahili kilichoeleweka tangu pwani hata Kongo. Lakini ufasaha wa matamshi ni jambo moja, na uadilifu wa sentensi ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya habari za dunia hufika mezani kwa mfasiri kwa Kiingereza, na mfasiri ana dakika chache za kuigeuza. Katika haraka hiyo Kiswahili huvikwa nguo zisizokitosha. Dhara kubwa si maneno machache ya kigeni, ambayo lugha yetu imeyapokea tangu zamani bila ya kudhoofika. Dhara kubwa liko katika vitenzi.

Kiswahili ni tajiri wa kauli za vitenzi. Kina kauli ya kutenda, kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Mtu akisema "Juma amevunja chungu", mtenda anajulikana. Akisema "chungu kimevunjwa", mtenda yupo ingawa hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Lakini akisema "chungu kimevunjika", swali hilo halina mlango. Chungu kimekuwa kama kwamba kimejivunja. Mtoto aliyevunja chungu cha mama yake huijua tofauti hiyo kabla hajafundishwa sarufi, na huchagua kauli ya tatu.

Sasa itazamwe habari ya kweli. Tarehe 16 Mei 2011, katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo wilayani Tarime, watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi. Polisi walieleza kuwa kundi kubwa lilikuwa limeuvamia mgodi. Habari hiyo ilienea duniani. Mtungaji wa taarifa aliye na habari ya namna hiyo mkononi anaweza kuandika "polisi wamewaua watu watano", au "watu watano wameuawa", au "watu watano wamepoteza maisha katika vurugu". Sentensi hizi tatu zimetungwa hapa kwa mfano tu, lakini kila mzoefu wa redio anaijua ile ya tatu, kwa idhaa za ndani na za nje pia. Uchunguzwe muundo wake. Mtenda katika sentensi hiyo ni marehemu mwenyewe: alikuwa na maisha, akayapoteza, kama msafiri aliyepoteza kisu njiani. Risasi haipo, bunduki haipo, na mwenye bunduki hayupo. Vurugu zimechukua mahali pa mtu.

Yamkini mtu atasema kuwa hiyo ni adabu ya lugha, kwani Waswahili hawapendi kutaja kifo waziwazi. Ni kweli kwamba mzee aliyekufa kitandani husemwa "ametutoka" au "amefariki dunia", na ni vizuri. Lakini adabu iliyowekwa kwa kuwaheshimu wafu isigeuzwe kuwa pazia la waliowaua. Mtu mwingine atasema kuwa mtangazaji hana budi kuwa mwangalifu kabla ya hukumu. Uangalifu huo ni haki, lakini Kiswahili kina njia zake za uangalifu: inasemekana, inadaiwa, polisi wamesema, jamaa wamesema, haijajulikana nani. Njia hizi huonyesha mpaka wa ujuzi wa msemaji. Kauli ya kutendeka haionyeshi mpaka. Hufunika shimo na kumfanya msikilizaji adhani kuwa ardhi ni nzima.

Nomino nazo zina hukumu zake. Kwa yule aliyeingia mgodini kuokota mawe yenye dhahabu, taarifa huwa na majina kadhaa ya kuchagua: mvamizi, mwizi, mchimbaji mdogo, mwanakijiji. Watu wa Nyamongo walichimba dhahabu kwa mikono kabla mgodi mkubwa haujaanza kazi mwaka wa 2002, na wengi huiona ardhi ile kuwa ya baba zao. Mwenye leseni naye ana haki yake kwa sheria. Taarifa inayoanza na neno "wavamizi" imekwisha kukata shauri kabla ya shahidi wa kwanza kusimama. Si lazima kila taarifa ieleze historia ya kijiji kizima. Lakini ni lazima mtungaji ajue kwamba jina analolichagua limebeba historia ya upande mmoja.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo redio ya Kiswahili inastahili sifa kwa uteuzi wa neno. Katika mila ya Wakurya, tohara ya mvulana na kukatwa kwa msichana vilihesabiwa kuwa jambo moja la kumtoa mtoto utotoni, na msimu wake hutangazwa na wazee wa mila, yaani inchama. Kiswahili nacho kwa muda mrefu kilitumia neno "tohara" kwa yote mawili. Na tohara ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya usafi. Msichana aliyesikia redio ikisema "tohara ya wanawake" aliambiwa, bila ya mtangazaji kukusudia, kwamba asiyekatwa si safi. Neno "ukeketaji" lilipochukua nafasi, picha iligeuka. Kukeketa ni kukata kwa nguvu kitu kigumu kwa kisu butu. Neno lenyewe linauma. Tanzania ilikataza tendo hilo kwa wasichana walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka wa 1998, lakini sheria imeandikwa kwa lugha ya mahakama, na neno ndilo lililofika jikoni.

Hata hapa sifa haikukamilika. Taarifa za nje juu ya ukeketaji wa Tarime na Serengeti huwa na desturi ya kuwapanga watu wawili tu jukwaani: msichana anayekimbia na mzee anayemfukuza. Mama aliyemficha binti yake, mwalimu aliyempeleka kwenye nyumba ya hifadhi Mugumu au Masanga, kijana aliyeoa msichana asiyekeketwa na kukubali kuchekwa na rika lake, hao husikika kwa nadra. Na wao ndio habari yenyewe, maana kwao ndiko mila inakogeuka. Simulizi yenye watu wawili ni rahisi kutangaza, lakini inamwambia msikilizaji wa Mara kwamba mabadiliko hutoka nje, nao hawakuyafanya.

Serengeti ilitendewa hivyo kwa namna nyingine. Jina lake linajulikana duniani kote kwa nyumbu na simba. Mugumu, makao makuu ya wilaya, hayajulikani. Mwaka wa 2010 serikali ilipokuwa na nia ya kujenga barabara kuu kutoka upande wa Musoma kupitia Natta na Mugumu hadi Loliondo, ikikata kaskazini ya hifadhi kwa kilometa 53 hivi, dunia ilipaza sauti. Shirika la Kenya la kutetea wanyama lilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, na mwezi Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami ndani ya hifadhi. Huenda hukumu hiyo ilikuwa sahihi. Hoja za uhamaji wa nyumbu ni nzito. Jambo la kuhakiki ni namna shauri lilivyosimuliwa. Wanyama walikuwa na wasemaji wengi wenye majina na vyeo. Mkulima wa Mugumu mwenye mahindi yasiyofika sokoni, na mgonjwa anayesafirishwa kwa njia mbovu, aghalabu waliingia katika sentensi moja, kwa jina la jumla "wakazi wa eneo hilo". Asiyekuwapo na lake halipo.

Ingedhaniwa kuwa redio ya umma ingeziba pengo hilo. Ni kazi yake kwa asili: haiuzi habari kwa dunia, na inalipiwa na hao hao inaowatangazia. Shirika la TBC limejenga mitambo ya FM katika wilaya za mipakani, Tarime ikiwa mojawapo, ili raia wa huko wasitegemee sauti za ng'ambo. Ni jambo jema. Lakini mtambo hupeleka sauti upande mmoja. Taarifa ya redio ya umma ina ugonjwa wake, ulio kinyume cha ule wa kigeni. Ile ya kigeni huficha mtenda; hii humtaja mtenda mmoja daima. Waziri amefungua, mkuu wa mkoa ameagiza, mkuu wa wilaya ameonya, mkurugenzi amewataka wananchi. Kauli ni ya kutenda, na mtenda anajulikana kwa jina na cheo; bali wananchi hutendewa tu. Huagizwa, huonywa, hutakiwa, hupongezwa. Msikilizaji wa Sirari anayesubiri kusikia bei ya mahindi mpakani husikia kwamba amehimizwa kuongeza juhudi.

Kuna na suala la lugha yenyewe. Kanuni za utangazaji Tanzania zimeweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za redio, na sababu yake ni ya heshima: taifa lenye makabila zaidi ya 100 lilitafuta sauti moja. Ng'ambo ya mpaka Kenya imeruhusu redio za lugha za makabila, na mawimbi hayasimami Sirari kugongewa muhuri. Si kazi ya uhakiki huu kuitaka kanuni ivunjwe. Lakini bibi wa Kikurya anayehojiwa juu ya mjukuu wake kwa lugha asiyoimudu atajibu kwa maneno machache yasiyo na nguvu, na msikilizaji atamdhania mjinga. Kumwacha aseme kwake kikamilifu, kisha kufasiri kwa Kiswahili chema, hakuupunguzii umoja chochote.

Kipimo kinachopendekezwa hapa si kigeni kwa wilaya hizi. Wakurya wana ritongo, baraza la hadhara ambapo wizi wa ng'ombe na ugomvi hujadiliwa mbele ya watu, na anayesema huonekana uso na kujibiwa papo hapo. Taarifa ya habari haiwezi kuwa ritongo, kwa maana asikilizaye hana kinywa. Kwa sababu hiyo mtungaji wake ana wajibu wa kutaja nani alitenda, kueleza ajuacho na asichokijua, na kumpa nafasi ya kusema yule anayesimuliwa.

Wajibu huo unazidi uzito. Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani ilivunja utendaji wa Sauti ya Amerika, na idhaa yake ya Kiswahili, iliyodumu zaidi ya miaka 60, ikanyamaza kwa amri iliyotolewa Washington. Msikilizaji wa Tarime hakuulizwa, kama vile hakuulizwa ilipoanza. Sauti ya ugenini, hata ikiwa fasaha, ni sauti ya kuazima, na mwenyewe aweza kuitaka siku yoyote. Ilipokuwapo, msikilizaji aliweza kuzilinganisha taarifa mbili na kupata ya tatu kwa akili yake. Kadiri sauti hizo zinavyopungua, ndivyo redio ya umma inavyobaki peke yake na mtu ambaye hana pa kuihakikishia. Hapo ndipo itakapojulikana kama imejifunza kusema "polisi wamewaua" pale polisi walipoua, na "wanakijiji wamejenga" pale wanakijiji walipojenga.