Kubambua Bila Kuua

Mvuna magome aliyeiva humchosha anayemtazama. Anafika kwenye muiri, anauzunguka, anagonga shina hapa na pale, kisha anainua macho kileleni. Akiona matawi ya juu yamekauka, anapita zake, hata gome liwe nene la kutamanisha. Mti huo umeshabambuliwa kupita kiasi na mwingine.

Muiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana, huota katika misitu ya milima yenye baridi, Mlima Kenya hadi Mlima Kameruni, na gome lake likipondwa hunukia lozi. Wazee wamelichemsha tangu kale kutibu homa na tumbo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat akapata hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome hilo, na kitu cha sufuria ya nyumbani kikaanza kusafirishwa kwa shehena.

Kati ya gome na mbao pana utando mwembamba, wenye unyevu na utelezi. Huo ndio unaoumba gome jipya, na panga likiukwangua, pale hapaoti tena. Basi fundi huchanja wima, kina cha gome tu, akaingiza ncha na kubambua taratibu. Gome likigoma, halivuti. Wala hamalizi shina. Kanuni iliyowekwa Kameruni ilitaka mti wenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, uvunwe robo mbili zinazotazamana, kisha upumzishwe miaka kadhaa. Robo zinazobaki ndizo hupitisha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Ukizungusha panga shina zima, mizizi hufa njaa huku majani yangali kijani, na mwenye panga keshaenda zake.

Tangu 1995 muiri umo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo gome haliuzwi nje bila kibali. Ni jambo jema, ila kibali hukaguliwa bandarini, ilhali panga liko msituni, mikononi mwa mtu anayelipwa kwa kilo. Na kilo (hili hunikera) humwadhibu aliye hodari: nusu ya gome aliyoiacha mtini ni nusu ya ujira wake. Ningekuwa mnunuzi, ningebakiza sehemu ya malipo, nikamlipa miaka miwili baadaye kwa kila mti wake utakaokutwa hai.