Ayubu Katika Nyumba ya Mtoto Mgonjwa

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona kurasa hizi zikishughulika na kitabu cha rabi wa Kiyahudi. Usistaajabu. Mtume wetu (S.A.W.) alipopitiwa na jeneza la Myahudi alisimama, na walipomtanabahisha kuwa maiti ni Myahudi, aliwauliza kama hiyo nayo si nafsi. Tena kitabu chenyewe hakikuandikwa kubishana dini. Kimeandikwa na baba aliyemzika mwanawe, na swali lake ndilo linaloulizwa usiku katika nyumba zetu, Mombasa na Lamu, Tanga na Unguja, na mama aliyempakata mtoto mwenye maumivu. Tofauti ni kuwa mama huyo huona haya kulitamka, akichelea kuambiwa amekufuru.

Kitabu chaitwa When Bad Things Happen to Good People, yaani kama kusema Mabaya Yanapowafika Watu Wema. Kilitoka Marekani mwaka 1981 na kikasomwa mno, hata na watu wasiokuwa wa dini ya mwandishi. Mwandishi ni Harold Kushner, aliyekuwa rabi katika mji wa Natick, Massachusetts, na aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 88. Mwanawe Aaron alizaliwa mwaka 1963. Kabla hajatimiza mwaka, uzito wake ukasimama, kisha nywele zikaanza kupukutika. Alipofika miaka mitatu, siku ile ile aliyozaliwa dada yake, daktari akawaeleza wazazi kuwa mtoto ana progeria, ugonjwa unaomzeesha mtoto kabla ya wakati wake: hatarefuka, hatakuwa na nywele, ataonekana kama kizee kidogo ilhali bado ni mtoto, na atakufa akiwa kijana mchanga. Ikawa hivyo. Aaron alikufa mwaka 1977, siku mbili baada ya kutimiza miaka 14.

Hebu fikiri, msomaji. Baba amekaa zaidi ya miaka kumi akijua mwisho, na kila juma anasimama mbele ya watu kuwahubiria wema wa Mungu.

Nakisifu kitabu kwanza, maana chastahili. Kushner anawashika wale wanaokuja kuhani, au kumtazama mgonjwa, na kuacha maneno yanayouma kuliko ugonjwa. Mmoja asema mambo haya yana sababu njema, sisi tu hatuioni. Mwingine asema Mungu humpa mja mzigo anaoweza kuubeba tu, na Kushner ajibu kuwa amewaona kwa macho yake watu waliovunjika chini ya mzigo. Hata kwetu maneno hayo yapo, na watu huyaegemeza kwenye aya ya mwisho ya Suratul Baqara. Lakini wafasiri wengi wameieleza aya ile kwa habari ya taklifa, yaani yale tuliyoamrishwa: asiyeweza kuswali kwa kusimama huswali kwa kukaa. Kumsomea mama anayelia ili anyamaze, kana kwamba kulia kwake ni dalili ya uvivu wa imani, ni kuitumia aya kama fimbo.

Sasa hoja yake kubwa. Kushner arudi kwenye kisa cha Ayubu kama kilivyo katika vitabu vyao, na asema yako maneno matatu ambayo kila msomaji angependa yote yawe kweli: kwamba Mungu ana uwezo juu ya kila kitu, kwamba Mungu ni mwadilifu, na kwamba Ayubu ni mtu mwema. Maadamu Ayubu ana afya, mali na watoto, maneno hayo yakaa pamoja pasi na taabu. Akishapatwa, asema Kushner, huwezi kuyashika yote; ukishika mawili, la tatu litakuponyoka. Rafiki zake Ayubu walilitupa lile la wema wa Ayubu, wakamwambia lazima umekosa kitu. Kushner, baba wa Aaron, hawezi kusema mtoto wa miaka mitatu amekosa. Wala hataki kusema Mungu ni dhalimu. Basi alitupa lile la kwanza. Kwake yeye, Mungu hakuuleta ugonjwa wa Aaron wala hakuwa na uwezo wa kuuzuia; kazi yake ni kumtia mtu nguvu ya kustahimili na kuwatia wengine moyo wa kumsaidia.

Hapa ndipo tunapoachana naye, na si vyema kuachana naye kwa matusi.

Kwanza, yule anayeweza kuingia ndani ya kifua cha mama aliyekata tamaa usiku wa manane na kukitia nguvu, mkono wake umekwisha fika ndani ya viumbe. Moyo nao ni nyama na damu, na huzuni ina mahali pake mwilini kama homa. Kushner ampa Mungu uwezo juu ya huzuni na amnyima uwezo juu ya homa, wala hasemi mpaka kati ya viwili hivyo umechorwa na nani. Nimekisoma kitabu mara mbili nikiutafuta mpaka huo, sikuuona.

La pili lina uzito zaidi. Katika maneno yake matatu limejificha la nne, ambalo hakulitaja: kwamba hesabu hufungwa hapa hapa duniani, hata mwema apatapo ugonjwa pawe na kosa katika daftari. Ukiliondoa hilo la nne, yale matatu yaweza kukaa pamoja. Na sisi tumefundishwa kuliondoa. Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), alipofariki angali ananyonya, mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku hiyo, na watu Madina wakasema limepatwa kwa ajili yake. Lau angekuwa mtu mwingine angenyamaza, maana ilikuwa heshima kwa mwanawe. Yeye akawakataza: jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kwa hiyo kitu chaweza kuwa mkononi mwa Mungu kabisa, na kisiwe barua iliyoandikiwa fulani kumwambia wewe ni mbaya. Kushner alidhani ili kumwondolea mwanawe tuhuma ya adhabu lazima amwondolee Mungu uwezo. Haikuwa lazima.

Yaliyojulikana baada ya kitabu kutoka yaonyesha vivyo hivyo. Mwaka 2003 wataalamu waligundua kuwa progeria hutokana na kasoro katika jeni moja iitwayo LMNA, na karibu mara zote kasoro hiyo huanza kwa mtoto mwenyewe. Hakuirithi kwa baba wala mama. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, ambayo humwongezea mtoto umri ingawa haimponyi. Kushner angeweza kusema: waona, ni bahati mbaya tupu. Nami nasema darubini imetuonyesha njia ugonjwa ulikopita. Kama njia hiyo iko nje ya milki ya Mola au ndani yake, hilo si jambo la kuonekana kwa darubini.

Lakini jibu letu nalo lina gharama yake, na sitaki tujifanye halina. Wanavyuoni wetu waliligusa swali hili zamani. Yasimuliwa kuwa Abul Hasan al-Ash'ari, ambaye madhehebu yake katika itikadi ndiyo tunayofundishwa katika madrasa zetu nyingi za pwani, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i habari ya ndugu watatu, mmoja kafa mwema, mmoja kafa kafiri, na mmoja kafa mtoto. Kila mwalimu alipotoa sababu ya manufaa, swali lilirudi kwa mlango mwingine, mpaka akakosa la kusema. Funzo la al-Ash'ari si kuwa swali ni haramu. Ni kuwa hesabu ya faida tunayomfanyia Mungu kwa vidole vyetu haitimii.

Basi mbona sisi, tulioitwa wafuasi wake, ndio wepesi wa kumfanyia mama hesabu? Mtoto bado anapumua, tayari jirani asema, bibi we, una bahati, huyo atakuwa kinga yako na Moto. Bishara hiyo ipo katika hadithi sahihi, nasi twaiamini. Lakini ni bishara ya aliyefiwa, na huyu hajafiwa. Ana dawa ya kutoa saa nane na nauli ya kutafuta kesho. Kushner karibu na mwisho wa kitabu aungama jambo ambalo lataka kusomwa taratibu: kuwa kwa sababu ya Aaron amekuwa mtu mwenye huruma zaidi na rabi bora zaidi, na kwamba yote hayo angeyatoa mara moja lau angeweza kurudishiwa mwanawe. Sioni ukafiri hapo. Mtume (S.A.W.) alipoletewa mtoto wa binti yake akikata roho, machozi yalimtoka, na Sa'd alipouliza, akasema hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika nyoyo za waja wake. Na Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe, ilhali alikuwa akingoja kwa matumaini na hakukata tamaa hata siku moja.

Sasa tumtazame Ayubu wetu. Pwani hii ina Utendi wa Ayubu, uliowahi kuchapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1920 na tena na J. W. T. Allen mwaka 1971, na kabla ya kuchapwa ulisomwa na kuimbwa majumbani. Kutokana na utendi huo na visa vya masimulizi, Ayubu aliyekaa vichwani mwetu ni yule wa funza mwilini na ulimi uliofungwa. Wanavyuoni wengi wameyakataa mambo ya funza, maana Mitume hawapewi maradhi ya kuwakimbiza watu. Kinachonishughulisha mimi zaidi ni huo ulimi. Katika Suratul Anbiyaa Ayubu (A.S.) hakunyamaza. Alimwita Mola wake, akamwambia kuwa dhara imempata, na akamtaja kwa rehema yake. Hakuuliza kwa nini, lakini alisema inauma. Na Mwenyezi Mungu ndiye aliyemsifu kwa subira. Kwa hiyo kusema inauma hakuvunji subira, na mama aliyeambiwa anyamaze awe kama Ayubu ameambiwa awe kama Ayubu asiyekuwapo.

Kisha jibu lilikujaje? Katika Surat Saad aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake, na hapo pana maji ya kuoga na ya kunywa. Mgonjwa hoi aamrishwa kufanya kitu. Kushner naye, kwa njia yake, afika jirani na hapa asemapo kuwa swali la kwa nini latutazamisha nyuma, na kuwa yafaa kuuliza, maadamu limetokea, sasa nifanye nini. Hapa mimi nasimama upande wake kabisa.

Maana hebu tazama tunavyofanya. Ugonjwa mkubwa wa watoto katika pwani yetu si progeria, ambayo humpata mtoto mmoja katika mamilioni. Ni selimundu. Mtoto mchanga huvimba vidole vya mikono na miguu, analia haguswi, macho yanapiga manjano. Katika nyumba nyingi swali la kwanza ni nani kamtupia jicho, na la pili ni tumbo la mama lina nini. Hirizi hufungwa, kombe hunywewa (sitaingia katika mzozo wa kombe, una wenyewe), na wakati unapita. Ilhali mtoto hurithi selimundu kwa baba na kwa mama, kwa wote wawili. Ikiwa kila mmoja wao amebeba chembe moja bila kuugua, basi katika kila uzazi pana nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mkwe anayesema ugonjwa huu umekuja na mwanamke hajui kuwa nusu yake umetoka kwa mwanawe mwenyewe. Damu hupimwa, penisilini humkinga mtoto mdogo na maambukizo, iko haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, na kumnywesha maji mengi na kumkinga na baridi ni jambo la kila nyumba. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu. Dua inayosomwa njiani kuelekea zahanati ni dua vile vile.

Nina lawama moja ya mwisho kwa Kushner, na kwa bahati mbaya yatuhusu sisi pia. Mama wa Aaron haonekani sana katika kitabu. Baba ndiye anayefikiri, anayehojiana na Mungu, anayeandika. Nani aliyemvisha mtoto yule, nani aliyekwenda naye barabarani watu wakimkodolea macho, msomaji abaki kukisia. Masimulizi yetu, katika hili, yamefanya vizuri zaidi: mke wa Ayubu, ambaye wasimulizi humwita Rahma, ndiye anayembeba, anayemtafutia riziki, anayechoka. Na Qur'ani yenyewe haikumwacha. Wafasiri wasema Ayubu katika maradhi yake alimkasirikia akaapa kumpiga. Alipopona, katika aya ya 44 ya Surat Saad, aliambiwa achukue kicha cha majani mkononi apigie hicho, kiapo kisivunjike, na mwanamke aliyemuuguza asiumizwe.