Fedha Ilibanwa Wapi? Amplifaya za Gitaa za Bei Nafuu

Fundi aliyetengeneza amplifaya ya gitaa ya bei nafuu miaka ya 1950 hakuwa na sababu ya kuumiza kichwa juu ya mzunguko wa umeme. Michoro ilikuwa tayari kwenye vitabu vya kampuni za valvu. Kazi yake ilikuwa kuamua kipi kiondoke ili bei ishuke. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama amplifaya fulani kuukuu ni nzuri, swali langu la kwanza huwa: fedha ilibanwa wapi? Kuna mahali ilibanwa ikazaa sauti ambayo watu wanaitafuta mpaka leo, na kuna mahali ilibanwa ikaacha mtego wa umeme.

Chukua Fender Champ ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ile ambayo mchoro wake una namba 5F1. Ndani mna valvu tatu tu. 12AX7 inakuza sauti ya gitaa mara mbili mfululizo, kwa kuwa ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja. 6V6 inasukuma spika, na 5Y3 inageuza umeme wa AC kuwa DC. Kuna volyumu, toni hakuna. Ukitaka kupunguza ukali wa sauti, malizana na gitaa lako. Nguvu yake ni kama wati 5 na spika ni ya inchi 8.

Kilichookolewa zaidi hapo ni valvu ya pili ya spika. Amplifaya kubwa huwa na valvu mbili za mwisho zinazopokezana, moja ikisukuma nyingine inavuta. Mpango huo, mbali na kuongeza nguvu, una faida ambayo wengi huisahau: mvumo wa umeme unaoziingia valvu zote mbili kwa pamoja hujifuta ndani ya transfoma ya spika. Champ haina wa kuufuta. Kapasita zake za kusafisha umeme zikizeeka, mvumo unapita moja kwa moja hadi kwenye spika. Kwa umeme wetu wa Hz 50, mvumo huo unatokea kwenye Hz 100, karibu kabisa na sol ya uzi mnene ukibana feti ya tatu, ambayo ni Hz 98. Ukipiga wimbo wa sol unaweza usiusikie. Ukihamia la bemoli, utaujua.

Kufutana huko, hata hivyo, hakuondoi mvumo peke yake. Huondoa pia sehemu kubwa ya harmoniki shufwa, zile zenye masafa mara mbili na mara nne ya nota yenyewe. Valvu moja inaziacha zote. Ndiyo maana Champ ikizidiwa kidogo, nota haikwaruzi mara moja. Inanenepa kwanza, kama vile kuna oktavu nyingine nyembamba imepanda juu yake. Sauti hiyo haikupangwa na mtu. Ilikuja kwa sababu 6V6 ya pili ingeongeza gharama.

Kisha kuna transfoma ya spika. Katika mzunguko wa valvu moja, umeme wa DC unapita ndani ya transfoma hiyo wakati wote, hivyo chuma chake kinahitaji pengo dogo la hewa lisije likashiba usumaku. Pengo hilo hupunguza besi, na dawa yake ni chuma kikubwa zaidi. Chuma kikubwa ni fedha, kwa hiyo kikawekwa kidogo. Ongeza spika ya inchi 8 ndani ya kasha lililo wazi nyuma, ambamo mawimbi ya nyuma huzunguka na kuyaua yale ya mbele, na ule uzi mnene wa mi, wenye Hz 82, unabaki kivuli tu. Ukiwa peke yako chumbani, huo ni upungufu. Studioni, kasoro hiyohiyo inageuka msaada: gitaa halipigani na besi wala ngoma kubwa, na maikrofoni iliyosogezwa karibu haijui kama kasha ni dogo. Eric Clapton alipiga Champ katika kurekodi albamu ya Layla huko Miami mwaka 1970, na hakuna anayesikiliza akasema gitaa lile ni dogo.

Niseme kidogo juu ya maelezo yanayorudiwa sana: kwamba utamu wa Champ unatokana na 5Y3, eti volti zinashuka mpigaji anapopiga kwa nguvu. Kwa amplifaya kubwa ni kweli. Lakini valvu moja katika daraja A hunywa karibu kiasi kilekile cha umeme ukipiga au usipopiga, mpaka itakapozidiwa. Basi volti zishuke kwa sababu gani? Ile hali ya sauti kubanika unayoisikia chanzo chake kikubwa ni 6V6 yenyewe kufika mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo usilipe ziada kwa ajili ya 5Y3 ya zamani.

Sasa tuje kwenye mtego. Katika amplifaya ndogo, transfoma ya umeme ni miongoni mwa vitu vizito na vya gharama kubwa kuliko vyote. Kampuni kadhaa za Marekani, Kay ya Chicago ikiwa mojawapo, ziliiondoa kabisa kwenye modeli zao za chini. Ujanja ulitoka kwenye redio za mezani. Redio nyingi za Wamarekani baada ya vita zilikuwa na valvu tano ambazo hita zake ziliungwa kwa mfululizo: volti 12 mara tatu, 50, na 35. Jumla ni 121, karibu sawa na umeme wa nyumba zao, unachomeka ukutani bila transfoma. Ni hesabu safi sana, lazima nikiri. Kwenye amplifaya mpangilio mmoja wa kawaida ulikuwa 12AU6, 50C5 na 35W4, na volti zilizobaki zikaachiwa resista.

Redio ilikuwa salama kiasi kwa sababu ilifungiwa ndani ya kasha la bakelaiti na vitufe vyake ni vya plastiki. Gitaa si hivyo. Ngao ya waya wa gitaa imeungwa na chasisi ya amplifaya, na upande wa pili imeungwa na daraja la gitaa, na daraja limeshika nyuzi. Vidole vya mpigaji viko juu ya chasisi muda wote. Plagi ya Marekani ya enzi hizo ilikuwa na meno mawili yanayofanana, unaichomeka vyovyote. Ukiigeuza, chasisi inaangukia upande wa moto. Baadhi ya modeli ziliwekewa kapasita kati ya chasisi na umeme wa ukutani, tuseme ya mikrofaradi 0.05. Ikiwa nzima, kwa volti 120 inapitisha kama miliampia 2, za kuwasha vidole. Lakini ni kapasita ya karatasi yenye umri wa miaka sitini. Ikipiga shoti, mpigaji anayegusisha midomo kwenye maikrofoni yenye ethi anakuwa yeye ndiye waya.

Dawa yake ni transfoma ya kutenganisha, na hapa kwetu kuna jambo la kuangalia. Amplifaya ya volti 117 lazima ipitie kifaa cha kushusha umeme kutoka 230 au 240, na mtu hudhani amekwisha kujikinga. Vifaa vingi vinavyouzwa madukani vina koili moja tu iliyotolewa tawi katikati: vinashusha volti, havitenganishi chochote. Kichomoe ukutani, weka mita kwenye ohmu, gusa jino la plagi kwa ncha moja na tundu la kutokea umeme kwa nyingine, ukijaribu kila jozi. Mita ikisoma ohmu chache popote, koili ni moja. Usikitumie kwa amplifaya ya aina hii. Hata Champ, yenye transfoma yake, hupata joto zaidi kwa umeme wetu, kwani chuma kilichopimwa kwa Hz 60 hubeba usumaku zaidi ya kawaida kwa Hz 50. Kuilisha volti 110 badala ya 117 kunapunguza mzigo huo. Na kabla ya kufikiria spika mpya, badilisha waya wa umeme uwe wa nyaya tatu wenye ethi.

Juu ya makasha sina mengi. Fender walibana kwenye mzunguko lakini mbao zao zilikuwa za msonobari, zikiungwa pembeni kwa meno yanayoingiana. Silvertone nyingi zilizotengenezwa na Danelectro kwa ajili ya maduka ya Sears ni za ubao wa pumba, ambao ukinywa unyevu unavimba na kumomonyoka. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa hiyo ni sababu tosha ya kuziacha.

Na kama una mpiga ngoma, wati 5 hazitakufikisha popote; atakumeza kabla ya kiitikio. Hapo mimi ningenunua Peavey Bandit ya miaka ya 1980, ya transista, iliyotengenezwa Meridian, Mississippi. Sauti yake ikizidiwa hukatika ghafla bila kunenepa kwanza, na uzito wake unachosha mgongo. Lakini ina spika ya inchi 12, inabaki safi ikiwa juu, na haina valvu za kuungua. Spika yake ya Scorpion iliundwa ili koni na fremu zing'olewe na kubadilishwa huku sumaku ikibaki, kazi ambayo fundi redio wa mtaani anaimaliza kwa bisibisi.