Maneno Juu ya Vitufe: Istilahi za Mifumo Huria ya Kusimamia Maudhui

Wepesi wa mfumo wa kompyuta hupimwa kwa kawaida kwa idadi ya hatua anazopitia mtumiaji. Sisi tulio katika kazi ya istilahi hatuna budi kuupima pia kwa maneno yaliyoandikwa juu ya vitufe. Drupal iliyotolewa mwaka 2001, WordPress ya mwaka 2003 na Joomla ya mwaka 2005 ni mifumo huria ya kusimamia maudhui ya tovuti. Mtu yeyote aweza kuitumia bila ada ya leseni na kuifasiri bila kuomba ruhusa. Uhuru huo ni neema, lakini pia waruhusu kila mfasiri kuchagua neno lake.

Tumfikirie karani wa shule moja ya Tabata aliyeagizwa kutia katika tovuti tangazo la kikao cha wazazi. Katika WordPress ataandika, atabonyeza, na tangazo litaonekana. Katika Joomla makala yake yaweza kuhifadhiwa salama, lakini wazazi wasiyaone mpaka ayaundie kiungo katika menyu. Ni ajabu kidogo, kwa kuwa jina la Joomla latokana na neno letu “jumla”. Drupal nayo yadai kwanza ajifunze taksonomia na aina za maudhui. Kwa wizara yenye nyaraka maelfu hiyo ni hazina. Kwa karani wetu ni mzigo.

WordPress nayo haikosi kasoro. Yatenganisha maandishi yanayopangwa kwa tarehe na yale yanayokaa mahali pamoja daima. Mfasiri akiyaita ya kwanza “machapisho” na ya pili “kurasa”, hajamsaidia mtu, maana ukurasa nao huchapishwa. Twapendekeza “taarifa” na “ukurasa wa kudumu”. (Neno “posti” limekwisha kuenea midomoni mwa vijana, wala hatulipigi vita, ila halielezi tofauti hiyo.)

Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi “chapisha”. Kitenzi hiki hubeba maana mbili: kutia maandishi katika karatasi, na kuyatoa kwa umma. Zama za mtambo wa chapa maana hizo zilikuwa jirani, kwa kuwa kitabu hakikutoka bila kupigwa chapa. Katika tovuti zimeachana kabisa. Karani aliyeandika orodha ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa michango, akitaka nakala moja ya kumpelekea mwalimu mkuu, akibonyeza “Chapisha” atakuwa amewaanika watoto hao mbele ya dunia nzima. Kosa hilo si lake, ni la neno.

Kwa hiyo twapendekeza “chapa” kwa karatasi na “tangaza” kwa umma. Wapo watakaodai kwamba “tangaza” lanuka biashara. Mbona taarifa za vifo hutangazwa redioni, wala hakuna auzaye kitu?

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliandaa faharasa ya istilahi kwa ajili ya kazi hiyo. Wafasiri wa mifumo hii, ambao wengi wao hujitolea, wafuate njia hiyo. Kwa shule na ofisi ndogo twaipendelea WordPress, kwa sharti kwamba kitufe hicho kimoja kirekebishwe kabla ya makarani kufundishwa.