Mahame na Makao: Mchezo wa Kusimulia Mezani na Magofu ya Songo Mnara

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani vijitabu vitatu vya kanuni za mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huo hauna ubao wenye mashimo kama bao, wala hauna mshindi. Una meza, karatasi, dadu, na watu wachache wanaozungumza. Mmoja wao ni msimulizi: yeye hueleza mahali na mambo yanayotokea. Kila mmoja wa wengine humshika mtu mmoja wa hadithi na kusema mtu huyo afanya nini. Na penye shaka dadu hutupwa ikaamua. Hadithi moja yaweza kuendelea usiku hata usiku, na mwezi hata mwezi.

Kwa desturi hadithi hizo zina sehemu mbili. Katika ya kwanza wachezaji huingia magofu na mapango ya chini ya ardhi, hupigana na mazimwi, na hutoka na hazina. Katika ya pili aliyekwisha kupata mali na daraja hujenga ngome na kuwa mwenye mji. Kijitabu cha tatu cha mwaka 1974 chataja hata bei za kuta na minara. Lakini mizani ya kanuni hizo yaelemea upande mmoja: dhahabu itolewayo chini ndiyo impandishayo mchezaji daraja, na ujenzi ni kama tunzo ya uzeeni.

Swali linalostahili kupimwa na wenye kuishughulikia lugha ni hili: mchezo wa namna hiyo ukichezwa kwa Kiswahili, na mahali pa hadithi pakiwa Songo Mnara, sehemu ipi yapasa kuiongoza nyingine? Jibu laonekana katika lugha yenyewe kabla ya kuonekana katika mawe.

Umbo la mchezo si geni kwa Mswahili. Msimulizi wa pwani hakupata kusema peke yake. Akisema «Paukwa» hungoja «Pakawa», na asipoitikiwa hana hadithi. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa kale aliitikia tu, wala hakuweza kumwokoa sungura kwa shauri lake, ambapo mchezaji wa mezani ashiriki katika kuyapanga yatakayotokea. Basi ugumu haumo katika kusimulia. Umo katika kinachosimuliwa.

Neno la Kiingereza ambalo mchezo umejiitia lilitoka katika Kifaransa cha kale, na huko lilikuwa jina la mnara mkuu wa ngome, alimokaa bwana. Baadaye neno likashuka kutoka juu mpaka chini, likawa jina la shimo la wafungwa. Kiswahili kina neno lililosafiri safari iliyo karibu na hiyo: gereza, ambalo huhesabiwa kuwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Pwani lilikuja kuwa ngome, kisha jela. Na Kilwa Kisiwani ngome iitwayo Gereza ingali imesimama karibu na maji, mahali ambapo Wareno walijenga ngome mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512, ingawa sehemu kubwa ya jengo lionekanalo leo ni kazi ya zama za Waomani. Maneno haya mawili yafundisha jambo moja: shimo la kutisha la leo lilikuwa makao ya mtu jana.

Mfasiri akiandika «shimo la mazimwi» atakuwa amekifasiri kitabu cha watu wengine, lakini Songo Mnara atakuwa hajaigusa. Kiswahili kina gofu, yaani jengo lililobomoka, na kina neno bora kuliko hilo: mahame. Mahame hutoka katika kuhama. Neno hilo halisemi kwamba mahali pameingiliwa na dubwana. Lasema kwamba watu walikaa hapa wakaondoka. Atamkaye mahame amekwisha kukiri kwamba pana wenyewe, hata kama wenyewe hawapo. Kanuni iyafanyayo magofu kuwa mali isiyo na mwenyewe yapingana na neno hilo tangu mlangoni.

Tarehe ya kale ya Kilwa yaitia nguvu hoja hii. Katika masimulizi yake mgeni aliyetoka Shirazi akiona kisiwa hakukipata kitupu: alimkuta humo Mwislamu aliyekwisha kukaa, na msikiti. Wala hakukitwaa kwa upanga. Alikinunua kwa mwenye nchi kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka kisiwa kizima, kisha akachimba mkondo uliotenga kisiwa na bara, ili aliyeuza asirudi kukidai. Yote mawili, bei na hila, ni mambo ya kujenga makao. Mchezo uliotungwa juu ya tarehe hiyo ungeanza kwa majora ya nguo na mashauri ya mkalimani, na hatari yake ya kwanza ingekuwa jirani aliyejuta kuuza.

Songo Mnara yenyewe iko kusini ya Kilwa Kisiwani, katika kisiwa chake. Mji ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, ukaachwa mapema katika karne ya 16. Ndani ya ukuta wake mlikuwa na nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti kadhaa, visima, na viwanja vilivyoachwa wazi, vingine vikiwa na makaburi katikati ya makao ya walio hai. Pamoja na magofu ya Kilwa Kisiwani, magofu haya yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kazi ya kuyahifadhi. Adui yake si zimwi. Ni bahari ilayo ufuko, mizizi ipasuayo kuta, na mkono wa mtu uchukuao jiwe moja.

Hazina pia ilipatikana. Wachimbaji wa elimu ya kale walikuta ndani ya nyumba moja akiba ya sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300. Kwa kanuni za mwaka 1974, ambazo huhesabu sarafu 50 za shaba kuwa sawa na moja ya dhahabu, akiba hiyo yote yalingana na vipande sita vya dhahabu na kidogo. Mchezaji angeipita bila kuinama. Lakini sarafu za Kilwa zina jambo lisiloingia katika hesabu hiyo. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo hufungwa kwa kina kimoja. Kila kipande ni ubeti mfupi uliotiwa mkononi mwa mnunuzi wa samaki. Msimulizi asiyemwezesha mchezaji kuipindua sarafu akasikia kina chake ameificha hazina halisi, akaonyesha shaba.

Basi kanuni za ujenzi zapasa kutangulia, na zaweza kuwa chache, kwa sababu mahali penyewe pamezitunga. Upana wa chumba haupiti urefu wa boriti ya mkoko, yaani kadiri ya mita mbili na nusu au tatu. Atakaye nyumba kubwa aongeze vyumba, wala asipanue kimoja. Kuta hutaka mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hutaka kuni nyingi, na kuni hutaka mapatano na watu wenye misitu. Matumbawe laini ya mihrabu na miimo ya milango hutolewa baharini yakiwa mabichi, huchongwa mapema, kisha hukauka yakawa magumu. Kisima huja kabla ya ukuta. Kaskazi huleta vyombo, kusi huvirudisha. Kwa hiyo mwaka wa mchezo una zamu mbili, ya kupokea wageni na ya kusafiri. Mchezaji azijuaye kanuni hizi tano aweza kuijenga Songo Mnara mezani, na akiisha kuijenga hataliona gofu lake kuwa shimo.

Yaweza kupingwa kwamba mchezo wa chokaa na visima hauna hofu, na usio na hofu hauchezwi. Pingamizi hilo ni la haki, lakini lasahau fasihi ya Kiswahili. Katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952, Adili aingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na humo amkuta Mrembo akiwa hai. Hakuna safari ya magofuni iliyo kamili kuliko hiyo. Hata hivyo, kitisho kikuu cha kitabu hakimo ndani ya mji wa mawe. Kimo chomboni wakati wa kurudi, ambapo Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, wamtupa baharini kwa wivu. Mwandishi aliona jambo ambalo vijitabu vya 1974 havikulipa uzito: mtihani wa mali waanza mali ikiisha kupatikana, na mwenye kuutunga ni mwenzi wa safari.

Hofu ya pili imo katika adabu. Pwani hii watu hupeleka ubani na vitambaa kwenye makaburi na mahali pa mizimu, na mwenye akili haingii gofu kama aingiavyo shambani kwake. Mchezo wa kigeni una kanuni ya kuvunja mlango. Wa Kiswahili una neno tayari: hodi. Mchezaji abishe mara tatu, akiitikiwa, aingie akijua kwamba ni mgeni, asipoitikiwa, arudi. Hapo msimulizi ana hofu ya kutosha, kwa kuwa katika mahame hakuna sauti itishayo kuliko «karibu» itokayo ndani.

Hukumu juu ya mchezo huu basi si kwamba haufai. Umbo lake ni jema, na ni ndugu wa hadithi za usiku. Kasoro yake ni mpango: umetanguliza kupora, ukaahirisha kujenga. Ukifasiriwa neno kwa neno utawafundisha vijana wa pwani kuyatazama magofu ya babu zao kwa jicho la mpitaji mwenye gunia. Ukipinduliwa, ujenzi ukawa mbele na upekuzi ukawa ziara ya mgeni apigaye hodi, waweza kuwafundisha kwa nini chumba cha Songo Mnara ni chembamba, kwa nini kisima kiko pale kilipo, na kwa nini waliohama waliacha makaburi yao katikati ya mji.