"Tata" Si "Changamano"

Katika kuitafutia taaluma ya uchumi istilahi, yafaa tusidanganywe na wepesi wa neno. Mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kulichunguza soko la Kariakoo, wilayani Ilala, huenda akashawishika kuliita "mfumo tata". Istilahi hiyo ina kasoro. Uzi uliotatana hungoja kutatuliwa, na utata ni dosari itakiwayo kuondolewa. Afisa akisoma kuwa soko ni tata, atatafuta fundo la kukata.

Dhana inayokusudiwa ni nyingine: mfumo wenye sehemu nyingi, kila moja ikiamua lake huku ikiathiriwa na nyingine, hata jumla yake ikawa na tabia isiyomo katika sehemu yoyote peke yake. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi, na Waziri Mkuu akakutana nao Mnazi Mmoja. Aliyedhani kuwa shauri hilo ni la mtoza kodi na mwenye duka tu alimsahau mchukuzi, mama lishe na mchuuzi wa mkoani, ambao riziki zao hupitia mlango uleule.

Kwa hiyo twapendekeza "mfumo changamano", kwani kuchangamana ni kuingiana. Walimu wamekwisha kulizoea neno hilo katika "sentensi changamano", ambayo kishazi chake tegemezi hakijitoshelezi kikitengwa. "Tata" libakie na maana yake. Istilahi mbovu haiharibu kamusi tu. Huharibu pia uamuzi unaoitegemea.